Nilipokuwa Mpandisha Sauti

Nianze na ujinga wangu, maana najua ndio mnaousubiri. Nilimuua bibi. Sikutumia panga wala sumu. Nilimuua kwa mdomo, nimekaa juu ya jiwe, suruali imelowa, huku yeye mwenyewe yuko chini shambani, mzima wa afya, anapalilia kabeji na kumsema mbuzi wa jirani. Hakuwa na habari kabisa kwamba amekufa. Alikuja kuambiwa kesho yake, na watu waliokuja kumlilia.

Sasa tulieni, wadogo zangu, ninyi wa darasa la tatu na la nne ambao mwaka ule wa korona mlikuwa bado mnafutwa makamasi. Mzee wenu nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne hapa mjini, Mwembesongo, na ndevu zangu bado zinajadiliana kama zije au zisije. Lakini ni mstaafu. Kuna kazi niliifanya, nikaijua mpaka ndani, na leo haipo tena. Mwalimu wetu wa hesabu anasema mtu hawezi kustaafu kabla hajaajiriwa. Mwalimu hajawahi kupanda lile jiwe.

Kazi yenyewe tuliiita kupandisha sauti.

Ilianza hivi. Shule zilipofungwa, mama aliniangalia nikizurura mtaani, nikicheza mpira na kila mtu, nikishika kila mlango, akakunja uso. Mama anauza mboga sokoni, na mwaka ule mikono yake ilinuka sabuni kuliko mchicha. Akaniambia, "Beno, unakwenda mlimani kwa bibi yako. Huko ukikohoa, utazikoholea kabeji." Akanipa simu yake ya zamani, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, akanipandisha kwenye lori la mboga lililokuwa linarudi Mgeta tupu. Ndiyo ajira hiyo. Sikuandika barua ya maombi.

Kitongoji cha bibi kimekaa kwenye kuta mbili za mlima zinazotazamana, katikati kuna bonde, chini kabisa kuna mto unaousikia lakini huuoni. Jirani wa ng'ambo unamwona vizuri anaanika nguo, mpaka shati lenye kiraka unalijua. Lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni, kuvuka, na kupanda upya huku magoti yanakulaumu. Kwa hiyo watu wanaitana. Asubuhi, kabla ya chai, bibi anatoka nje, anaweka kiganja shavuni na kuita, "Eeee Fidelisi!" Unasubiri. Ukungu umejaa bonde lote kama povu kwenye beseni, huoni nyumba, huoni mti. Halafu kutoka ndani ya ule weupe inakuja sauti ya mzee, "Eeee Koleta!" Koleta ndiye bibi. Babu Fidelisi naye anaita nyumba inayofuata, nayo inaita nyingine, mpaka sauti inazunguka mlima mzima na kurudi. Nyumba isiyoitika, mtu anatumwa kwenda kuangalia kulikoni.

Siku za kwanza nilikuwa naamka na kudhani naota. Mawingu yanaitana majina.

Mtandao ulikuwa haufiki pale nyumbani. Ulipita juu kwa juu na kutua mahali pamoja tu, kwenye jiwe kubwa lililo juu ya mashamba, mahali ambapo miti ya msitu inaanzia. Watu wa kitongoji walikuwa na watoto wao nchi za mbali, na watoto hao mwaka ule walikuwa wamefungiwa ndani na walikuwa na maneno mengi. Kwa hiyo namba ya ile simu ilisambaa. Wakawa wananitumia sauti, mimi nazifuata jiweni, nazishusha. Kisha narekodi majibu na kuyapandisha.

Niwape siri za kazi, msije mkasema mzee alikufa nazo.

Simu huibebi mkononi. Unaivika soksi kavu, unaifunga kwenye jani la mgomba, kisha unaitia tumboni ndani ya sweta. Ukungu wa kule haunyeshi, unaingia. Unaingia kwenye mkate, kwenye kiberiti, kwenye masikio. Ukifika juu usiwashe haraka haraka. Kaa kwanza, acha mwili upoe, jifute vidole kwenye nywele. Halafu inua mkono kiasi cha bega, uelekee upande wa mjini. Ukiinua sana, sauti zinaingia nusunusu. Mtu anakuambia, "Mama, leo nime..." basi, mpaka kesho kitongoji kizima kinajadili amefanya nini. Ukirudi nyumbani, tumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ndipo ubonyeze. Sufuria inaikuza sauti mpaka mtu aliye Uchina anasikika kama yuko chooni kwenu.

Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba usisikilize sauti za watu kabla hujazifikisha. Hiyo niliivunja kila siku.

Nilikuwa nakaa pale juu, miguu inaning'inia, chini yangu mawingu, na mkononi mwangu wanatoka watu waliofungiwa. Mmoja baada ya mwingine. Mmoja anapumua kwanza, hana cha kusema. Mwingine anaanza kucheka katikati. Nyuma ya sauti zao unasikia bomba linadondosha maji, lifti, mbwa, kimya cha mtaa mzima. Nilisafiri nchi nyingi mwaka ule bila kushuka jiweni.

Mchana watu walikusanyika uani kwa bibi, kila mmoja kwenye tuta lake, maana padri alikuwa ameshatufundisha kukaa mbalimbali kama miche. Mjomba Deo, mdogo wake mama, alikuwa Afrika Kusini akihudumu kwenye baa. Siku moja sufuria ikasema kwa sauti yake, "Mama, shikamoo. Huku wamezuia pombe. Sigara nazo wamezuia. Wanajeshi wako barabarani. Jirani yangu anafanya mbio ndani ya ua wake, anazunguka kamba ya kuanikia nguo. Na watu wananunua mananasi kwa fujo, wanayachachusha kwenye ndoo."

Babu Fidelisi, ambaye siku hiyo alikuwa amevuka bonde kwa ajili hiyo tu, akanyanyua fimbo. "Mananasi, sukari na hamira? Beno, mwambie aache ikae. Vijana wana haraka."

"Babu, hajaomba ushauri."

"Wewe pandisha tu."

Bibi akatikisa kichwa. "Amefungiwa na ndoo ya pombe. Huyo msimlilie."

Kulikuwa na kaka mmoja wa ng'ambo ya bonde, anasoma Uchina. Yeye alisema kila geti lina mtu mwenye kidude kama bastola, anakulenga kwenye paji la uso kupima joto, na wenyeji wanasimama kumnyooshea kichwa kwa utulivu kama wanapokea majivu ya Kwaresima. Mama mmoja wa ghorofa ya juu anashusha kikapu kwa kamba, muuza mboga anajaza, mama anakivuta. Jioni madirisha yanafunguliwa na watu wanapigiana kelele, jengo kwa jengo: kaza, kaza!

"Na zile mboga za chainizi," bibi akauliza, "wenyewe huko wanaziitaje?"

Nikamwambia nafikiri wanaziita mboga tu. Akasikitika kidogo.

Halafu Sista. Sista Yustina ni dada yake mama, mama mkubwa wangu, aliyepelekwa Italia na shirika lake kuhudumia wazee. Yeye alisema mitaa ni mitupu mpaka unasikia njiwa wakitembea. Lakini jioni watu wanatoka kwenye vibaraza vya ghorofa na kuimba. Mzee mmoja anapiga kodiani, na kijana aliye jengo la pili anamjibu kwa tarumbeta. Watoto wamechora upinde wa mvua kwenye mashuka na kuyatundika nje.

Babu Fidelisi akasema polepole, "Kwani na wao wanakaa mlimani?"

Sisi je? Tulinawa kwa ndoo yenye kamba ya kukanyaga. Tulisalimiana kwa viwiko, na wazee wakachukia, wakasema shikamoo ya kiwiko haina uzito. Mjini, mama alisema, watu walijifukiza kwenye nyungu mpaka wakatoka kama mihogo iliyochemshwa. Lakini shamba halikufungwa, wala mto. Dunia imekaa ndani, na sisi tuko nje, juu ya mawingu, tunaisikiliza ikiongea kwenye sufuria. Nilikuwa nalala naona kitongoji chetu kimekatika kutoka mlimani, kinaelea, kinapita juu ya miji yenye madirisha, na bibi amesimama mlangoni anawapungia.

Basi Sista akaanza kukohoa.

Alituma sauti fupi. "Mama, nimewekwa chumba cha peke yangu. Chakula wanaacha mlangoni, wanagonga, wanakimbia. Dirisha langu linatazama ukuta. Siku nzima inapita sijasikia mtu akitaja jina langu."

Bibi aliisikiliza mara mbili. Hakulia. Kesho yake asubuhi, alipomaliza kumwita Babu Fidelisi, akaniambia, "Mume wangu, leta hiyo simu." Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe, na ananidai mahari. Nikabonyeza. Akaweka kiganja shavuni na kuipigia simu ukelele uleule wa kuvuka bonde: "Eeee Yustina!" Nusura niidondoshe. "Kapandishe hiyo," akasema. "Na usirudi bila ya kwake."

Nikapanda. Nikatuma. Nikasubiri huku nachora kwenye jiwe kwa kijiti. Ikarudi, nyembamba, imekwaruzwa na kikohozi, lakini imevutwa vilevile kama ya huku: "Eeee mama!"

Tokea siku ile ndiyo ikawa kazi yenyewe, nyingine zote zikawa za pembeni. Bibi hakunywa chai mpaka nirudi na sauti ya Sista. Aliitega sikio kama daktari. "Ya jana ilikuwa na maji. Ya leo imekauka kidogo, ni vizuri." Na Sista siku moja akaeleza, "Mama, hiyo ndiyo inayonitoa kitandani. Siwezi kukuitikia nimelala. Nasimama, nafungua dirisha, naitika ule ukuta. Nikishasimama, naona bora nile."

Nilipeleka sauti hiyo bila kufikiria sana. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilifikiri nabeba simu.

Siku ya ujinga ilikuwa ya mvua. Masika ya kule yanageuza njia kuwa sabuni. Nilipanda kwa kushika majani, nikaanguka, nikapanda tena. Nikafika jiweni, na simu ilipokamata mtandao tu, kikaingia kichekesho kutoka kwa rafiki yangu wa mjini. Hakikufunguka. Simu imejaa. Nikaanza kufuta hiki na kile ili kichekesho kipate nafasi. Kikafunguka. Nikacheka peke yangu pale juu kama mwendawazimu. Halafu nikatafuta sauti ya bibi ya asubuhi ile niitume.

Nilikuwa nimeifuta.

Fikirini na ninyi. Kushuka kwenye sabuni ile, kumwambia bibi, kurekodi, kupanda tena? Na mimi, wadogo zangu, nilikuwa na kipaji. Darasani wakati wa kuita majina nilikuwa naitika "nipo!" kwa ajili ya wenzangu waliotoroka, kila mmoja kwa sauti yake, hata wasichana. Mwalimu alikuwa anaweka vema na kuendelea. Kwangu mimi, kumwitikia mtu asiyekuwepo ilikuwa huduma kwa jamii.

Nikaweka kiganja shavuni. Nikavuta koo, nikatia ule mtetemo wa bibi mwishoni. "Eeee Yustina!" Ilitoka vizuri mpaka mwenyewe nikageuka nyuma. Kwa kuwa ilitoka vizuri, nikashindwa kuacha. Nikaongeza, bado bibi: "Kula, mwanangu. Kabeji zimefunga. Na huyu Beno ni mtoto mwenye adabu sana."

Nikatuma. Akaisikiliza. Nikaona anarekodi. Akaacha. Anarekodi tena. Akaacha. Halafu akapotea.

Nikasubiri mpaka meno yakaanza kugongana, nikashuka. "Mtandao mbovu leo, bibi." Bibi akaitazama chai yake mpaka ikapoa.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo mimi mtoto wa mjini sikuwahi kuambiwa, kwa sababu kule hakuna anayeambiwa, wanazaliwa wanalijua. Katika bonde lile kila mtu anajiitikia mwenyewe. Mwenye homa anaitika kwa homa yake, na mlevi kwa ulevi wake. Hakuna anayeita wala kuitika kwa ajili ya mwingine, isipokuwa siku moja tu. Mtu akifariki, mtoto wa nyumba ile anasimama mlangoni asubuhi, na jina la marehemu likiitwa, anaitika yeye. Basi. Upande wa pili hawaulizi kitu. Wanaweka majembe chini na kuanza kushuka bondeni. Msiba unavuka hivyo.

Na Sista alizaliwa pale. Sauti ya mama yake anaijua tangu hajaota meno. Alisikia mtoto anaita mahali pa mama. Akaweka jembe chini.

Kesho yake nilipanda na ukelele halisi wa bibi, mzito, wa mtu ambaye jana hakunywa chai. Nikatuma. Vema moja tu. Simu ya Sista imezimwa. Nikatuma tena, moja tu. Nikiwa nahangaika nikasikia lori linapanda. Lori la mboga huwa linapanda tupu, linapiga kelele za mabati. Hili lilikuwa linalia. Nikachungulia kwenye mwanya wa ukungu: nyuma wamejaa wanawake, kanga zimefungwa viunoni, masufuria makubwa, na turubai limekunjwa.

Msiba! Nikateremka mbio, maana msiba mlimani mtoto hakosi cha kubeba. Nikamfikia mama mmoja aliyekuwa ameanza kupanda njia ya miguu, jirani yetu wa Mwembesongo.

"Shikamoo, mama. Nani amefariki?"

Akanikumbatia, korona au si korona. "Bibi yako, maskini. Jikaze, baba."

Nikalia. Jamani, nililia! Nilikuwa nimemwacha bibi muda si mrefu anachemsha magimbi, lakini mtu mzima akikuambia bibi yako amekufa unalia, hesabu utapiga baadaye. Nikaungana na msafara. Tunapanda, tunalia, tunateleza, tunalia.

Bibi naye, kusikia kilio kinakuja upande wake, akafanya anachofanya mtu mwenye utu. Akaacha jembe, akajifunga kanga, akaanza kulia na yeye, akatoka kutupokea. Tukakutana naye kwenye kona ya migomba. Mbele yetu alikuwa mama yangu, uso umevimba.

"Uuuwi, jamani," bibi analia, "nani katutoka?"

Mama akasimama. "Mama?"

"Eh. Nani, mwanangu?"

"Wewe."

Bibi akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Mimi? Lini?"

Mama alikaa chini, hapohapo kwenye tope, na mfuko wake kichwani. Ikabidi majirani wamsimulie bibi wenyewe, huku wengine bado wanalia kwa kuwa kilio kikishaanza kina mwendo wake. Kwamba Yustina alipiga simu jana mjini, amekatika sauti. Kwamba alisema, "Mama ameitikiwa na mtoto. Kwa nini mnanificha?" Kwamba mama alijaribu kunipigia mimi mpaka akachoka, maana mimi nilikuwa chini, simu haina mtandao. Na kwamba Sista baada ya hapo alizima simu yake, na kwa mujibu wa wenzake hajagusa sahani wala hajafungua dirisha.

Wote wakageuka kunitazama. Hata mbuzi.

"Mume wangu," bibi akasema, "ulifanya nini huko juu?"

Nikasema. Nilisema yote, mpaka kichekesho. Mama akainuka, mkono tayari uko juu. Bibi akaushika katikati ya safari.

"Utampiga baadaye, yupo, haendi popote. Mtoto wangu yuko peke yake ndani ya ukuta ananililia. Nipeni fimbo."

Bibi hakuwa amepanda jiweni miaka mingi. Goti lake la kushoto lilikuwa limeshakataa. Siku ile halikuulizwa. Mama akamvuta mkono, mimi nikasukuma kwa nyuma. Na msafara wote ukatufuata, kwa sababu watu wamekuja kuzika na hawawezi kukaa tu. Nadhani ndiye marehemu wa kwanza Uluguru kupanda mlima kwa miguu yake, waombolezaji wanamwambia, "Taratibu, mama, hapo panateleza."

"Na wewe sukuma kama mwanaume," ananiambia.

"Bibi, mzito."

"Nimekufa. Maiti ni nzito."

Jiweni mama akapiga namba ya sista mwenzake Yustina, Mkenya anayepika kule. Huyo alikimbia na simu mpaka nje ya mlango wa chumba, akaweka sauti kubwa, akagonga. "Yustina, kuna simu ya nyumbani. Ni mamako."

Tukasikia kitanda kikilia. Halafu sauti karibu na mlango, imechakaa. "Nani?"

"Mimi. Mama yako," akasema bibi.

Mto unasikika chini.

"Beno," Sista akasema. "Acha. Nakuomba, mwanangu, acha."

Wadogo zangu, nimechapwa mara nyingi, na wataalamu. Hakuna fimbo iliyowahi kuniingia kama hiyo. Bibi akamtajia kovu lake la goti na alivyolipata, akamtajia jina la mbwa wao wa zamani. Sista akawa anajibu kwa upole, kama anamjibu mtoto, "Hayo alikusimulia marehemu bibi yako." Kwa kipaji changu nilikuwa nimemwibia bibi sauti yake. Sasa alikuwa nayo mwenyewe, kooni mwake, na haimsaidii.

Bibi akaacha kuongea. Akanipa simu. "Shika juu. Kama unavyoshikaga."

Nikainua kiasi cha bega.

Akageukia bonde. Hapakuwa na bonde, palikuwa na weupe tu, umekuja mpaka miguuni petu. Na haukuwa wakati wa kuitana, jua lilikuwa limeshapanda mahali fulani nyuma ya yote hayo. Bibi akaweka kiganja shavuni.

"Eeee Fidelisi!"

Hakuna kitu. Matone yanadondoka kutoka kwenye majani.

Halafu kutoka chini, mbali, kwa mshangao kidogo: "Eeee Koleta!" Na Babu Fidelisi, kwa kuwa akiitwa lazima aite, akaita nyumba inayofuata, nayo ikaitika. Nyingine ikapokea. Sauti nene, sauti ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, sauti ya katekista mzee aliyemfundisha Sista sala, sauti ya mwanamke aliyechota naye maji wakiwa wasichana. Kila jina, kila koo, zinapita ndani ya ukungu zikizunguka mlima, nyingine karibu, nyingine kama zimetoka mwaka mwingine. Mimi naweza kuiga watu, lakini siwezi kuiga mlima. Sauti ilipomaliza mzunguko na kurudi jiweni, bibi akavuta pumzi mpaka kanga ikainuka, akaita tena.

"Eeee Yustina!"

Kukasikika kitu kama kiti kikisogezwa. Kisha mkwaruzo, dirisha linasukumwa. Halafu, nyuma ya mlango, nyuma ya Italia nzima, ikavutwa vilevile, mpaka mwisho:

"Eeee mama!"

Mkenya akaanza kulia na kucheka pamoja. "Anauliza kama chakula bado kipo," akatuambia. "Anasema ana njaa."

Sista alipona. Alikuja likizo, miaka imepita, nikamkuta amekaa uani kwa bibi na sahani ya magimbi. Alinishika sikio, akalizungusha nusu mzunguko, akasema, "Habari za adabu?" Siku hizi mnara umejengwa, mtandao unaingia mpaka zizini, kila mtu anapokea sauti zake mwenyewe akiwa amelala. Na koo langu limevunjika. Naongea kama trekta linalowashwa kwenye baridi. Hakuna bibi duniani ninayeweza kumwiga. Ndiyo maana nawaambia nimestaafu.

Lakini nimeruka kipande. Siku ile tulishuka jiweni mchana, bibi mbele, anaimba. Chini kulikuwa na masufuria ya msiba, mchele wa msiba, maharage, nyama, na watu wa msiba wenye njaa. Hakuna aliyeona sababu ya kuvirudisha mjini. Turubai likafungwa, moto ukawashwa, wa ng'ambo wakavuka bonde, na marehemu akawekwa kwenye kiti akapakuliwa wa kwanza.

Mama hakuwa amenisemesha tangu jiweni. Nilikaa pembeni karibu na ndoo ya kunawia, nikisubiri ule mkono ulioahirishwa. Akaja. Alikuwa amebeba sahani, wali umejaa mpaka unamwagika, nyama juu. Akaiweka mbele yangu, akachuchumaa, macho bado mekundu.

"Kula, shiba," akasema. "Siku atakapokufa kweli, hutaweza kumeza."